Leseni si ustadi: Hatua za mwendeshaji mpya wa pikipiki kabla ya kubeba abiria

ALIYEPITA mtihani wa kuendesha pikipiki hutoka uwanjani akiwa na furaha isiyo kifani. Amezunguka koni bila kuziangusha, amejibu maswali kuhusu alama za barabarani, ameeleza njia kwenye ile meza yenye mji wa mfano na vigari vyake vidogo, na mtahini ameridhika. Majuma machache baadaye, leseni ikiwa tayari, anajikuta kwenye makutano ya barabara kuu huku matatu ikimpigia honi nyuma, lori likimziba upande wa kulia, na abiria aliyeketi nyuma yake akimhimiza aongeze kasi kwa kuwa amechelewa kazini.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililokuwapo uwanjani siku ya mtihani.

Hapo ndipo penye pengo ambalo waendeshaji wengi huliruka bila kulitambua. Katika mataifa mengi, anayepata leseni ya pikipiki hujiendesha mwenyewe kwa miezi kadhaa kabla ya kufikiria kumbeba mtu mwingine. Nchini Kenya, hali aghalabu huwa kinyume. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo zisizozidi 250cc, chombo hiki kimekuwa tegemeo la riziki kwa vijana wengi, na biashara ya bodaboda iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia ikaenea hadi vijiji vya mbali. Matokeo yake ni kwamba mwanagenzi hujifunza barabara huku akiwa amebeba uhai wa mtu mwingine mgongoni.

Makala haya yanaeleza yale ambayo mwendeshaji mpya anafaa kuyafanya baina ya siku anayopata leseni na siku anayompakia abiria wa kwanza, ili ujasiri wake uje nyuma ya ustadi wala si mbele yake.

Mtihani hupima nini?

Kwa mujibu wa utaratibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), leseni za pikipiki zimo katika kundi A. Ndani ya kundi hilo, A3 ndiyo inayohusu bodaboda, pikipiki za kusafirisha vifurushi na vyombo vya magurudumu matatu. Anayetahiniwa hutarajiwa kujua sheria za barabarani na kuonyesha kwamba anaweza kukiongoza chombo bila kukiangusha.

Huo ni msingi muhimu, lakini ni msingi tu. Mtihani hauwezi kumpima mtu atakavyofanya mbwa anapochomoka kichakani, gari linapokata kona mbele yake ghafla, au mvua ya kwanza ya Machi inapochanganyika na mafuta yaliyomwagika kituoni. Stadi hizo hazipatikani kwa kukariri. Hupatikana kwa kurudia jambo moja mara nyingi hadi mikono na miguu ilitende kabla ya akili kuamua.

Sekunde mbili

Utafiti maarufu zaidi kuhusu ajali za pikipiki uliongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na ripoti yake ikachapishwa mwaka wa 1981. Wataalamu wake walifika katika maeneo ya ajali 900 mjini Los Angeles na viunga vyake, wakapima alama za breki, wakakagua pikipiki na kuwahoji waliohusika. Ingawa miaka mingi imepita na barabara za huko si kama za hapa, baadhi ya yale waliyoyabaini yanahusu maumbile ya binadamu na ya pikipiki, mambo ambayo hayajabadilika.

Kwanza, mwendeshaji wa kawaida alikuwa na muda usiozidi sekunde mbili tangu hatari ilipojitokeza hadi alipogonga au kugongwa. Pili, kipimo cha kati cha kasi kabla ya hatari kuonekana kilikuwa takriban kilomita 48 kwa saa. Kwa hivyo, si mwendo wa kupaa pekee unaoua. Tatu, katika ajali zilizohusisha magari mengine, mara nyingi dereva wa gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki, na aghalabu hakuwa ameiona.

La nne ndilo zito zaidi kwa anayejifunza. Asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwa wamepata mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe au wakafundishwa na jamaa na marafiki. Walipokabiliwa na hatari, wengi walikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu hadi gurudumu likajifunga na kuteleza, huku breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, ikitumiwa kidogo mno au kutotumiwa kabisa. Fauka ya hayo, zaidi ya nusu yao walikuwa wameiendesha pikipiki hiyo kwa muda usiotimia miezi mitano, ijapokuwa walikuwa na tajriba ya miaka kadhaa barabarani kwa jumla.

Funzo hili la mwisho linawahusu hasa wahudumu wa bodaboda wanaoendesha pikipiki za matajiri wao na kubadilishiwa chombo mara kwa mara. Kila pikipiki ina breki zake, klachi yake na uzito wake. Anayekabidhiwa chombo kipya asubuhi ni mgeni kwa kiasi fulani, hata kama amekuwa kazini miaka mitano.

Darasa la uwanja mtupu

Hatua ya kwanza baada ya leseni ni kurejea uwanjani, safari hii bila mtahini. Uwanja wa shule siku ya Jumapili, au eneo la soko siku isiyo ya mnada, hutosha baada ya kuomba ruhusa kwa wahusika. Vifaa vinavyohitajika ni chupa tupu za plastiki zilizotiwa mchanga kidogo, chaki au mawe madogo ya kuweka alama, na mwenzake wa kumtazama. Nusu saa mara tatu kwa wiki humfaa mwanagenzi kuliko siku nzima ya kuzunguka bila lengo.

Zoezi la kwanza ni mwendo wa polepole. Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai, lakini juu ya pikipiki mwenda pole ndiye mwenye kazi ngumu, kwa kuwa chombo husimama wima kwa urahisi zaidi kinapokuwa na mwendo. Mwendeshaji achore njia mbili sambamba zenye urefu wa mita 15 na upana usiozidi mita moja, kisha apite katikati kwa muda mrefu awezavyo bila kutia mguu chini. Siri ni kuiachilia klachi nusu tu, kuutuliza mkono wa mafuta, kukanyaga breki ya nyuma kwa wepesi na kutazama mbele badala ya kulitazama gurudumu. Akishaweza hilo, azunguke chupa mbili kwa umbo la tarakimu nane, kwanza kwa nafasi pana kisha kwa nafasi inayozidi kupungua.

Zoezi hili ndilo litakalomsaidia kwenye msongamano, kwenye lango la soko na anapogeuza pikipiki katika njia nyembamba.

Zoezi la pili ni breki, na ndilo muhimu kuliko yote. Vijana wengi huonywa na wenzao wasiiguse breki ya mbele kwa sababu "itakurusha." Onyo hilo lina chembe ya ukweli na hatari kubwa. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake na wa mwendeshaji huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani na kushika vizuri zaidi, ilhali la nyuma hupungukiwa na uzito na kuteleza upesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu sehemu kubwa ya nguvu za kusimamisha pikipiki hutoka mbele. Kinachomrusha mtu ni kuinyakua breki hiyo kwa ghafla, hasa usukani ukiwa umepinda.

Njia sahihi ni kupunguza mafuta, kuanza kubana breki zote mbili kwa pamoja, kisha kuendelea kuikaza ya mbele hatua kwa hatua, mithili ya mtu anayekamua chungwa, huku usukani ukiwa umenyooka na macho yakitazama mbele. Gurudumu la mbele likijifunga na kuanza kuteleza, breki hiyo iachiliwe papo hapo na kubanwa upya kwa utaratibu. Mazoezi yaanze kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, kisha 30, na 40 pale tu mwendeshaji anapoweza kusimama mara kumi mfululizo bila kuteleza. Mwenzake aweke alama pale breki ilipoanza kubanwa na pale pikipiki iliposimama, ili maendeleo yaonekane kwa macho.

Umbali huo una hesabu yake. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa husafiri mita 8 hivi kwa sekunde moja, yaani muda anaouchukua kutambua hatari na kuanza kubana breki. Akiwa na breki nzuri kwenye lami kavu, atahitaji mita 5 nyingine kusimama. Jumla ni mita 13. Akiongeza kasi hadi kilomita 60, mita za sekunde ya kwanza huwa 17 na za breki hufika 20, jumla mita 37. Mwendo umeongezeka maradufu, lakini umbali wa breki umeongezeka mara nne. Atakayeielewa hesabu hii hahitaji kuhubiriwa kuhusu kasi.

Zoezi la tatu ni kukwepa. Chupa moja huwekwa mbele kama shimo, na mwendeshaji hupita kushoto au kulia mwenzake anapoonyesha kwa mkono dakika ya mwisho. Hapa hujitokeza jambo linalowashangaza wengi: pikipiki inapokwenda kasi ya kilomita 20 kwa saa au zaidi, haigeuzwi kwa kuvuta usukani jinsi toroli inavyogeuzwa. Ukisukumwa mbele kidogo mkono wa kushoto wa usukani, pikipiki hulalia kushoto na kwenda kushoto. Ukisukumwa wa kulia, huenda kulia. Kila anayeendesha hufanya hivyo bila kujua, lakini anayejua hukwepa upesi. Jambo la kukumbuka ni kutofanya mambo mawili kwa wakati mmoja: ama abane breki kabla ya kukwepa, ama akwepe kwanza ndipo abane breki.

Macho ndiyo usukani

Pikipiki hufuata macho. Anayelikodolea macho shimo hulitumbukia, na anayelitazama lori linalokuja kwenye kona huvutwa kulielekea. Mwendeshaji mpya ajizoeze kuitafuta nafasi iliyo wazi na kuitazama hiyo, hata akili yake inapopiga kelele kuhusu hatari iliyo kando.

Kwenye kona, kanuni ni kumaliza kazi ya breki kabla ya kuingia. Mwendo na gia viamuliwe pikipiki ikiwa bado imenyooka. Kisha kichwa kigeuzwe kuelekea mwisho wa kona, na mafuta yashikiliwe kwa utulivu hadi barabara inyooke. Anayeingia kwa kasi mno hubana breki akiwa amelala, na hapo ndipo wengi huteleza au kuvuka mstari wa kati. Kwenye miteremko mirefu kama ile ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, gia ya chini hutumiwa kuushikilia mwendo, maana breki zinazobanwa bila kupumzishwa hupata joto na kupoteza nguvu, hasa zile za ngoma zilizo kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu.

Barabara kwa awamu

Baada ya uwanja, barabara nayo ifuatwe kwa awamu. Kosa la wengi ni kukutana na ugumu wote kwa siku moja: msongamano, mvua, giza na abiria. Inafaa kila ugumu uongezwe peke yake.

Awamu ya kwanza ni barabara inayofahamika, mchana, isiyo na magari mengi, mwendeshaji akiwa peke yake. Awamu ya pili ni njia iyo hiyo saa ambazo magari ni mengi. Ya tatu ni barabara kuu, ambako malori na mabasi huenda kasi na upepo wao humyumbisha mwenye chombo chepesi. Ya nne ni mvua, na ya tano ni usiku. Hakuna sheria inayotaja muda wa kila awamu. Kipimo ni mwendeshaji kumaliza safari kadhaa mfululizo bila kushtuka. Anayefika nyumbani akikumbuka mara mbili tatu alizoponea chupuchupu hajahitimu awamu hiyo, hata kama hakuanguka.

Katika awamu zote, nafasi ni ngao. Mwendeshaji akae nyuma ya gari lililo mbele kwa angalau sekunde mbili: gari linapopita mlingoti fulani, ahesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili," na ikiwa ameufikia mlingoti kabla ya kumaliza, amekaribia mno. Mvua ikinyesha, muda huo uwe sekunde nne. Vilevile, asishikilie ukingo kabisa wa lami, kwani huko ndiko kwenye kingo zilizomomonyoka, mchanga na watembeaji, na madereva hushawishika kumpita bila kumwachia nafasi.

Matatu zinastahili somo lake. Inayopunguza mwendo karibu na watu waliosimama kando ya barabara itasimama, iwe pana kituo au hapana, na mlango wake utafunguka upande wa kushoto. Kumpenya mtu huyo kwa kushoto ni kutafuta ajali. Kwenye makutano, gari linalosubiri kukata kulia ndilo la kuangaliwa zaidi. Magurudumu yake ya mbele hueleza nia ya dereva mapema kuliko taa zake. Kwa upande wa lori, ikiwa mwendeshaji haoni kioo cha dereva, dereva naye hamwoni.

Kabla ya kubadilisha upande au kukata kona, vioo havitoshi. Kichwa kigeuzwe mara moja upande ule, kwa sababu vioo vina maeneo visivyoyaonyesha. Aidha, wageni wa Nairobi wafahamu kwamba barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, hairuhusu pikipiki.

Mvua, changarawe na giza

Mvua za masika na za vuli zina hatari yake kubwa mwanzoni. Dakika za kwanza maji huinua mafuta na vumbi lililokusanyika kwa wiki nyingi, na lami huwa kama imepakwa sabuni. Aliye na nafasi ya kusubiri chini ya paa kwa muda hapotezi kitu. Rangi nyeupe za kivuko, vifuniko vya chuma na reli huteleza zaidi zikiwa na maji. Reli ivukwe kwa kuikabili moja kwa moja kadiri inavyowezekana, si kwa mshazari. Dimbwi lisiloonekana chini lichukuliwe kuwa shimo. Breki za ngoma zikilowa hupungua nguvu. Baada ya kuvuka maji, zibanwe kwa wepesi mara kadhaa ili zikauke.

Kwenye barabara za changarawe, breki ya mbele hutumiwa kwa upole zaidi na ya nyuma hufanya kazi kubwa kuliko kwenye lami. Mikono ilegezwe, kwa sababu usukani hutikisika na anayeukaba hujichosha na kuupinda. Panapokuwa na mashimo mengi, mwendeshaji anaweza kujiinua kidogo juu ya vikanyagio, magoti yakikunjika, ili pikipiki icheze chini yake bila kumrusha. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi baada ya mvua, kama ulivyo uwanda wa Athi na sehemu za Kano, busara ni kushuka na kusukuma, kwani tope hujaa kwenye magurudumu hadi yakakataa kuzunguka.

Usiku, mwendo usizidi umbali ambao taa inaonyesha. Matuta yasiyo na alama, mifugo iliyolala lamini katika maeneo kama Kajiado, na malori yaliyoharibika bila viakisi mwanga ni mambo ya kawaida. Taa za gari linalokuja zikimpofusha, mwendeshaji atazame ukingo wa kushoto wa barabara na kupunguza mwendo. Wa Limuru na Kinungi wanajua pia ukungu wa Juni hadi Agosti, ambao hulowesha kioo cha kofia na kuzigandisha vidole. Mkono uliokufa ganzi hauwezi kubana breki kwa ustadi.

Abiria wa kwanza

Abiria huongeza uzito nyuma, hurefusha umbali wa kusimama na kuibadilisha pikipiki katika kona. Ndiyo maana wa kwanza hafai kuwa mteja. Awe rafiki au ndugu anayejua kwamba ni mazoezi, na safari ianzie kwenye uwanja ule ule: kuondoka, kusimama, kugeuka, kuanza kupanda mlima breki ya nyuma ikiwa imekanyagwa. Upepo wa tairi ya nyuma uongezwe kulingana na maelezo ya kiwanda kuhusu mzigo.

Mwendeshaji anafaa kumpa abiria maagizo kabla ya injini kuwaka. Apande akiambiwa; akae kwa kutanua miguu, vikanyagio vikishikwa na nyayo zote mbili; ashike chuma cha nyuma au kiuno cha mwendeshaji; asiinamie upande wa pili pikipiki inapolala kwenye kona. Kukaa kando, desturi ya baadhi ya wanaovaa sketi au dera, huutoa uzito katikati na kumwacha abiria bila pa kushika. Mtoto asipakiwe mbele juu ya tangi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu, na inawataka wote wawili wavae kofia ngumu na jaketi inayoakisi mwanga. "Mishikaki" ya watu watatu si ukiukaji wa sheria tu. Ni kuiondolea pikipiki uwezo wa kusimama. Mwanagenzi anayejifunza kukataa abiria wa pili, au kumwambia mwenye haraka kwamba watafika polepole, amepata ustadi ambao hakuna uwanja unaoufundisha.

Kofia, viatu na chombo chenyewe

Uchanganuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 miongoni mwa waendeshaji wanaopata ajali. Faida hiyo hutegemea kofia inayoutosha kichwa na kufungwa kidevuni. Iliyolegea hutoka kabla ya kichwa kugonga chini, na iliyowahi kupata pigo kubwa haifai tena hata kama haina ufa. Anayenunua atafute alama ya ubora ya shirika la viwango, ajaribu kuivuta kutoka nyuma ikiwa imefungwa, na aikatae ikivuka kichwa. Ya abiria nayo iwe kofia halisi, si pambo la kuwaridhisha polisi.

Viatu vya kufunika kifundo, glavu na suruali nzito havigharimu sawa na matibabu ya ngozi iliyochunika. Ndara zina tatizo jingine: huteleza kwenye breki.

Kila asubuhi, dakika tano zitumiwe kuikagua pikipiki: upepo na kina cha mitaro ya tairi, ulegevu wa cheni, mafuta ya injini, breki zote mbili, taa, ishara, honi na vioo. Vioo vilivyong'olewa kwa ajili ya urembo ni macho yaliyong'olewa.

Baada ya kuanguka

Hata mwangalifu anaweza kuanguka. Penye majeruhi, kwanza magari yazuiwe, kisha msaada uitwe kwa nambari 999 au 112. Kofia ya majeruhi isivuliwe kwa pupa, kwani shingo inaweza kuwa imeumia. Huvuliwa kwa uangalifu pale tu anaposhindwa kupumua.

Mwendeshaji akishapona, kuna hatari mbili. Ya kwanza ni woga unaomfanya akaze mikono na kubana breki kila anapoona kivuli. Ya pili ni kujitia hamnazo, kana kwamba lililotokea lilikuwa mkosi. Dawa ya zote ni moja: kujiuliza kwa ukweli ni jambo gani lilifanyika sekunde tano kabla ya ajali ambalo lingeweza kufanywa vingine, kisha kurudi uwanjani kulizoeza hilo. Aliyeanguka kwa kunyakua breki aanze tena kwa kilomita 20 kwa saa. Hakuna aibu hapo; marubani wa ndege hurudishwa mafunzoni mara kwa mara katika maisha yao yote ya kazi.

Kadhalika, ni vyema kila mwendeshaji, mpya au mkongwe, ajipime mara moja kwa miezi michache, na kila anapobadilisha pikipiki. Vyama vya bodaboda vilivyo na kituo na mwenyekiti vina nafasi nzuri ya kulifanya hili: Jumapili moja, chupa kumi na mbili, na kila mwanachama kusimama kutoka kilomita 40 kwa saa mbele ya wenzake.

Leseni humruhusu mtu kuingia barabarani, wala haimwahidi kwamba atatoka salama. Siku hatari itakapojitokeza, hatakuwa na nafasi ya kufikiri. Atakuwa na zile sekunde mbili, na mikono yake itatenda kile tu ilichozoezwa kutenda. Abiria aliyeketi nyuma, ambaye huenda hata jina la mwendeshaji halijui, atakuwa anazitegemea sekunde zizo hizo.